Upande wa Shimo

Mwambieni dereva azime hiyo mashine kwanza. Azime kabisa, asiiache inanguruma chinichini akidhani ananisaidia, maana sauti yangu iliyobaki ndiyo hii mnayoisikia, kama ya mtu anayeongea kutoka chumba cha pili, na sina nguvu ya kushindana na katapila. Haya. Sasa sogeeni, wanangu. Mkubwa, kaa kwenye kigoda, usisimame mlangoni kama mgeni anayetafuta nafasi ya kuaga. Binti yangu, niachie huo mto, umeshaunyoosha vya kutosha, kaa hapa miguuni pangu. Na wewe mziwanda, weka simu mfukoni, uje upande huu wa dirisha nikuone uso, kwa sababu nitawasemesha wote watatu lakini mengi ni yako.

Msinikatishe. Nikikohoa, subirini nimalize, na nikinyamaza msikimbilie kunifumba macho, nitakuwa natafuta pumzi tu. Wala msiniambie nitapona. Moshi wa tanuri nimeuvuta tangu sijaota ndevu, nao sasa umeamua kukaa, na daktari alivyoongea na dada yenu kule koridoni nilimwelewa hata bila kumsikia. Nisikilizeni basi, kwa sababu leo kichwa kiko sawa, na kesho sijui kitaamkaje.

Mali yangu mnaijua, haijawahi kufichika. Sidai mtu wala sidaiwi. Tanuri na zile kalibu za mbao za kufyatulia matofali alizochonga babu yangu ni za Mkubwa, ambaye anaweza kunusa moshi akakwambia tofali la safu ya katikati limeiva au bado, na ambaye tangu mkewe aanze kumkaripia kwa kurudi na majivu kwenye nywele amekuwa akijifuta kwa pazia langu, nami nimenyamaza. Vyombo vya mama yenu ni vya binti yangu. Kitanda hiki pia ni chake akikitaka, na asipokitaka akipasue kuni, sitamlaumu, ameteseka nacho vya kutosha. Mziwanda, wewe katapila unayo, nami sina cha kumwongezea mtu mwenye katapila. Nyumba ni yenu nyote, msiigawe chumba kwa chumba, na atakayekwama maishani arudi afungue mlango bila kuomba ruhusa kwa mwenzake.

Kinachobaki ni kile tulichokula wote tangu kuzaliwa, ambacho nimeshindwa mpaka leo kukipa jina. Wenzangu wote walikipa. Kila mmoja na lake.

Babu yangu ndiye aliyekigundua, tena hakuwa anakitafuta. Alikuwa anachimba choo. Alipofika usawa wa kiuno jembe likaanza kunasa, akachukua donge la udongo, akaliviringisha kwenye kiganja mpaka likawa kamba nyembamba, akaizungusha kidoleni kama pete, nayo haikukatika wala haikupasuka. Akaketi pale kwenye shimo la choo akacheka peke yake, mpaka bibi yangu akatoka kuangalia kama amepandwa na wazimu. Choo kikachimbwa kwingine. Matofali ya kwanza kabisa ndiyo yaliyojenga nyumba hii, na huu ukuta nilioegemea umetoka hapo nje, hatua chache kutoka ulipo. Yeye alipaita Ghala. Alikuwa akisema, kaingieni ghalani mkachukue ya leo, na kweli tulichukua ya leo, kwa sababu mwenye ghala anajua alichotoa kimepungua. Nilikuwa namwona jioni anasimama ukingoni, anaangalia chini, anakuna shingo. Alikuwa tajiri mwenye wasiwasi, babu yangu.

Baba yangu hakuwa na wasiwasi. Yeye alipaita Kisima, na alikuwa na sababu, sababu ambayo watu wazima wenye akili zao waliiamini. Mvua zikianza tulikuwa tunaacha kazi, shimo linajaa maji, vyura wanahamia, sisi tunakaa tunatengeneza kalibu na kupasua kuni. Mvua zikiisha maji yanakauka, tunashuka, na tunakuta chini kumepanda. Mahali tulipoacha pamemmeza mtu mzima, sasa panamfika kifuani. Na udongo ule ulioongezeka ulikuwa laini, umeshalowekwa tayari, unaukanyaga kwa raha. Baba akawa anaita majirani waje waone kwa macho yao. Anawaambia, unachota, unalala, unaamka umejaa. Watu wakaja, wakatikisa vichwa, wakasema nyumba hii imeshushiwa neema. Nasi tukawa tunapaheshimu kweli. Hakuna aliyetupa takataka mle, hakuna aliyetema mate, na kila mwaka tulikuwa tunapapumzisha kama watu wanaopumzisha ng'ombe mwenye mimba. Nilikua nikijua kwamba udongo unakua, na ungeniuliza ningekuapia.

Aliyetuambia vingine ni mama yenu, na alikuwa bado bibi arusi, hata hajajua vizuri chumvi iko kabati gani. Alikuwa anaanika nguo. Kamba yake ilifungwa kwenye ndoano ya ukuta huu upande mmoja, na upande wa pili kwenye nguzo karibu na ukingo. Baada ya mvua akaona kamba imekaza mpaka inalia ukiigusa, na nguzo imeinama kuelekea shimoni. Akaifungua akaifunga upya. Mvua za pili zikaikaza tena. Akaniita, akanionyesha, akaniambia kwa sauti yake ile ya kutotaka ugomvi, mume wangu, huo udongo haukui, huo ni ua wetu unashuka. Maji yanakula ukingo, ukingo unaanguka, nyinyi mnachimba mnashangilia.

Nilicheka. Baba alicheka mpaka akatokwa na machozi, akasema huyu mtoto wa watu hajawahi kuona baraka. Ilikuwa mpaka mti wa mpera uliposhuka shimoni na mapera yake, ukasimama kule chini wima kama uliopandwa huko, ndipo baba aliponyamaza. Hakusema mama yenu alikuwa sahihi. Aliendelea kupaita Kisima mpaka anaingia kaburini. Lakini mvua zilipokuwa zikinyesha hakulala tena upande huu wa nyumba.

Mama yenu yeye alipaita shimo. Mgeni akija akisifia, Mzee una hazina hapa, yeye anapita na sinia la chai anasema, ni shimo, karibu chai. Mnakumbuka. Mlikuwa mnaona aibu mbele za watu. Mlitaka mama mwenye maneno matamu kama mama za wenzenu.

Naomba maji. Kidogo. Inatosha.

Mnaikumbuka pia kona yake. Ile pembe ya ua iliyobaki kati ya shimo na dirisha hili, akaipanda nyasi zile ndefu zenye mizizi migumu, akaweka jiwe lake la kukalia, na akatangaza kwamba pale ni pake. Udongo wa pale ndio bora kuliko wote, sote tulijua, ukiuviringisha unapata kamba ya kushonea. Na hakuna aliyethubutu. Fundi mmoja alitia jembe pale siku moja akidhani mama yenu amelala, akamwagiwa maji ya vyombo kutoka dirishani, yenye mafuta na ukoko wa wali, akaenda kuoga akaacha kazi palepale. Tulimcheka mwezi mzima. Kisha mama yenu akaugua, nanyi mnajua alivyougua, akaniambia nimzike pale. Watu waliuliza mbona asiende makaburini kwa wenzake. Mimi nilidhani anapenda upepo wa pale na kukaa karibu nasi. Nililia, nikamzika, nikapanda zile nyasi tena juu yake.

Sasa miezi hii nimelala hapa, sina la kufanya ila kutazama dirisha, na ndipo nimemwelewa. Mama yenu hakuwa anapenda upepo. Alikuwa anaziba. Ile kona ndiyo iliyobaki kushika ukuta huu, ikienda hiyo inakuja nyumba, na nyuma ya nyumba ni jirani na watoto wake. Alipoona hawezi tena kukaa kwenye jiwe akiwa hai, akaona basi akae pale hivyo hivyo. Nimeishi na mwanamke huyo maisha yangu yote, na jambo kubwa kama hili nimelijua nikiwa siwezi hata kwenda kumwambia kwamba nimelijua. Inaniuma kuliko kifua.

Halafu yakaja majina mapya. Tajiri wa malori, huyu anayenunua udongo wetu, alisimama pale ukingoni na miwani yake ya jua, akasema, Mzee, hii ni bahari, hata wajukuu wa wajukuu wako hawataimaliza. Mke wa Mkubwa akaanza kusema benki, nakwenda kuchungulia benki yetu. Na wewe mziwanda uliporudi na ile mashine, ukapiga kibao pale barabarani, ukaandika Mgodi kwa rangi nyekundu, na mshale. Siku dada yako alipokiona kile kibao ndipo mlipogombana mpaka mkatupiana vikombe. Akakwambia umepageuza shamba la bibi, kila mtu anaingia anavuna, hakuna anayeuliza. Tangu siku hiyo hamsalimiani ila mbele yangu, mkidhani sioni. Naona. Mnapeana mikono kama watu wanaogusa sufuria ya moto.

Nimeyafikiria hayo majina, nina muda. Mwenye ghala kila akitoa anaumia. Mwenye kisima anasubiri, hata kama anajidanganya anasubiri. Lakini mwenye mgodi anachimba mpaka uishe, halafu anafunga virago anahamia kwenye mgodi mwingine. Sisi tutahamia wapi, mwanangu? Mimi sina pengine. Nina hapa tu, na nyinyi nilichonacho cha kuwaachia ni hapa hapa.

Mkubwa, huo mstari wa ufa ukutani ulioupiga saruji na chokaa wiki iliyopita ili nisiuone, umerudi. Nilikuona ukiupaka taratibu ukidhani nimelala, nikakuonea huruma, nikafumba macho. Uko pale pale, na umeshuka mpaka usawa wa kitanda. Na mvua ikinyesha nasikia udongo unavyoanguka kwenye maji, unasikika kama mtu anayetumbukia kwa makusudi, kisha kimya, kisha mwingine. Naogopa. Sijawahi kuwaambia wanangu kwamba naogopa, nawaambia leo. Zamani ningetoka hapa na fimbo, ningesimama mbele ya hiyo mashine nikawatukana wote na dereva wao, na mngeacha. Sasa mto wa kichwani ukiteleza nasubiri dada yenu arudi kutoka dukani.

Sasa nifike kwenye lile. Mziwanda, usiangalie chini, niangalie mimi. Juzi ulisimama hapo nje ya dirisha na tajiri wa malori, mkaongea kuhusu kona. Akauliza lini, ukamwambia, mzee akishatangulia. Hukusema kwa ubaya, ulisema kwa adabu kabisa, hata sauti uliishusha. Dirisha hili halina kioo upande ule, umesahau, ulilivunja mwenyewe kwa mpira ukiwa mdogo. Sikukasirika. Natamani ningekasirika, hasira ingenipa hata nguvu ya kukaa. Nilihuzunika tu, nikageuza uso kwa ukuta, na dada yako akadhani nimekataa uji kwa sababu hauna sukari.

Nyamaza. Usilie sasa, utanilizia na wenzako na mimi sitamaliza.

Sikulaumu kama unavyodhani. Najua una watoto, najua hiyo mashine inataka kulishwa kila siku kuliko watoto wenyewe. Najua pia kwamba hakuna mkono safi humu ndani. Sare zenu za shule zilitoka shimoni. Harusi ya Mkubwa ilitoka shimoni, tukakodi na muziki. Hizi dawa anazozipanga dada yenu kwenye dirisha, zimetoka kule kule. Kila tulipohitaji tulikwenda pale na tukapewa, hatukuwahi kurudi mikono mitupu, na kitu kinachokupa kila ukienda, unakiambiaje inatosha? Ningekuwa najua kazi nyingine ya kuwafundisha ningewafundisha. Ningekuwa na shamba mahali ningewaambia nendeni mkalime. Nimekaa hapa nikitafuta la kuwashauri badala ya kuchimba, na sijalipata. Baba anatakiwa alipate. Sijalipata.

Kwa hiyo sitawaapisha. Nilitaka, kisha nikaacha. Nikiwaambia niahidini hamtagusa kona, mtaahidi, nani anamkatalia mtu aliye katika hali hii, na mtaahidi kwa moyo kabisa. Halafu mvua zitapita, ada za shule zitafika, tajiri atakuja na miwani yake, na ahadi mtaikumbuka huku mnawasha mashine. Mimi nawajua, mmetoka kwangu. Tajiri naye hasikilizi wosia wa mtu. Lakini kuna kitu kimoja anakisikiliza, nimemwona kwa macho yangu. Kabla hajapakia anainama, anachukua donge, anaviringisha, anazungusha kidoleni. Kamba ikikatika anatupa, anapangusa mikono, anaondoka.

Basi sikilizeni namna ya kunizika.

Mtanizika kwenye kona, kati ya mama yenu na ukingo. Mimi nikae upande wa shimo. Mkubwa, wewe ndiye utakayesimamia, usimwachie mtu mwingine. Kaburi likingame mbele yake lote, lisiache upenyo, na lichimbwe pana kuliko ninavyostahili. Ule udongo mzuri mtakaoutoa, msiurudishe ulivyotoka. Changanyeni. Ule mweusi wa juu wenye mizizi utupwe chini. Chukueni majivu ya tanuri, yapo marundo, mwageni humo. Vipande vya matofali yaliyovunjika, kokoto, changarawe za pale barabarani, vyote. Mkanyage pamoja kama tulivyokuwa tukikanyaga udongo wa kazi, ila safari hii mnaukanyaga uharibike. Mkubwa anajua, tofali la udongo wa namna hiyo linapasuka kwenye moto na kuvunja majirani zake. Hakuna atakayeupakia. Mimi niliyewapiga vibao kwa kuacha jiwe dogo kama punje ya mtama ndani ya tofali, ndiye ninayewaagiza hivyo. Mcheke mkitaka, mama yenu atacheka.

Najua mtu mwenye katapila anaweza kunizunguka. Najua, mwanangu. Anaweza kuanzia upande wa nyuma, akaja taratibu. Sina la kumfanya. Nilichobaki nacho ni mwili huu, nao hauzibi sehemu kubwa, nimekonda. Lakini akija kwa mbele, kwa njia iliyo rahisi, atanikuta mimi kabla hajamfikia mama yenu. Hilo tu ndilo nimeweza.

Nipandishe kidogo, binti yangu. Hapo. Asante, mama.

Mkubwa, mpe mdogo wako mkono. Na wewe mziwanda, mpe dada yako. Sio hivyo, vizuri. Shikaneni mpaka nimalize. Mtu akiwauliza nimewaachia nini, msiseme hazina, msiseme mgodi. Mwambieni tu ukweli. Kisha mkaribisheni chai.

Mungu awatangulie. Awape... awape riziki ambayo haiwatoi nyumbani. Watoto wenu waishi kuwazika nyinyi, na mahali pa kuwazika pawepo. Radhi zangu mnazo, wote watatu, sawa kwa sawa. Wewe mziwanda pia. Wewe hasa. Sijakufungia moyo hata kidogo, usije ukawa unajiambia hivyo ukiwa peke yako kwenye hiyo mashine.

Dirisha liacheni wazi. Nataka kuziona nyasi. Zimekua, au ni macho yangu.

Huyo dereva... bado yuko? Mpeni chakula, amekaa sana. Mwambieni asiwashe. Najua ana kazi. Asiwashe bado. Kidogo tu.